Pumu ya mtoto: nyumbani mmeulizwa?

Mpwa wangu wa Ngamiani, Tanga, ana miaka saba na ana pumu. Akibanwa kifua usiku, wazazi wanaanza kubishana. Shemeji anasema inhela "itamzoesha", dada anaificha kabatini. (Haizoeshi, jamani.) Zahanati waliambiwa waepuke vumbi na moshi, basi. Nani aliwauliza habari za udi, jiko la mkaa ukumbini, au ubishi wao?

Kati ya 2018 na 2021, mradi wa utafiti wa ACACIA ulifika shule za nchi sita za Afrika, Uganda ikiwamo. Wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 wenye dalili za pumu walisikilizwa wenyewe. Mimi naona somo lianzie hapo: waiteni mama, baba na mtoto kabla ya kuchapa mabango.

Nilipomuuliza mpwa wangu, alisema dawa inamwishia mdomoni. Kumbe! Watafiti wa Cape Town walishaonyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni na kuchomekwa inhela, inaifikisha dawa kifuani. Dada alimwonyesha muuguzi kwanza. Chupa aliitoboa shemeji.