Ukiinuka, Funga Kompyuta



Mwishoni mwa mwaka 2023 Mto Tana ulifurika na watu wengi wa kaunti yetu wakahama makwao. Wakati ule nilisaidia kuandikisha familia za kupewa chakula katika ofisi moja. Siku moja saa nne nilitoka kunywa chai, kompyuta nikaiacha wazi.

Kesho yake akaja mama mmoja mjane. Jina lake halikuwemo kwenye orodha, ingawa nililiandika kwa mkono wangu. Mahali pake palikuwa na jina la mtu nisiyemjua. Tulipotazama ni nani aliyebadilisha, kompyuta ilijibu: mimi! Bahati nzuri mzee wa kijiji alikuwa na daftari lake, jina la mama likarudishwa. Lakini aliyefanya kitendo kile simjui mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kompyuta haijui mkono unaobonyeza, inajua jina lililofunguliwa tu. Ukiiacha wazi umemwazima kila apitaye jina lako. Anaweza kufuta, kuongeza, kusoma siri za watu, hata kutuma barua kwa mzaha, na lawama ikawa yako.

Tufanyeje basi?

1. Funga kila unapoinuka, hata kama ni kwa dakika mbili. Kwenye mashine za Windows, bonyeza pamoja kibonye chenye alama ya dirisha na herufi L. Kazi yako haipotei. Ukirudi unaandika neno la siri na kuendelea.

2. Iweke ijifunge yenyewe baada ya dakika chache, kwa maana sisi binadamu husahau.

3. Kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia na neno lake la siri, hata kama kompyuta ni moja tu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wote wakitumia jina moja, daftari lenyewe halina maana.

4. Neno la siri lisibandikwe ukutani wala kuandikwa chini ya kibodi. Chagua maneno kadhaa marefu unayoweza kukumbuka, si jina la mtoto wako.

5. Mwenzako akisema, "Nitumie kidogo tu," mwambie aingie kwa jina lake. Huko si kumnyima, ni kumlinda yeye pia, asije akashukiwa.

6. Ukikuta ya mwenzako iko wazi, usichungulie. Ifunge, kisha umwambie kwa upole.

Ninyi viongozi wa ofisi na vikundi, msingoje jambo liharibike. Andikeni masharti haya, yasomwe mbele ya wote, na mkubwa awe wa kwanza kuyafuata. Wekeni pia nakala ya orodha mahali pengine.

Tena, jambo hili si utovu wa adabu tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inasema anayevuruga kwa makusudi habari zilizomo bila ruhusa aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 10, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu nayo inaibana ofisi yenyewe. Habari zikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, ofisi yapaswa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72.

Lakini mimi sikumbuki faini. Namkumbuka yule mama amesimama mlangoni na mfuko mtupu. Kila mstari kwenye orodha ni mtu, na zahanati, shule, ofisi ya chifu na kikundi cha akina mama zote zina orodha.

Maswali ya kujadili:
- Katika ofisi yetu, ni nani anayejua neno la siri la mwenzake?
- Orodha ikibadilishwa leo, tutajuaje?