Wapwani wa Televisheni Wasema Lugha ya Nani?

Mtu akitaka kujua kama mchezo wa televisheni una ukweli, asitazame nguo wala nyumba. Na asikilize watu wanavyosemezana. Hapo ndipo inapokwama michezo mingi inayodai kuonyesha maisha yetu ya pwani. Kanzu ipo, buibui lipo, mlango wa nakshi upo. Kinachokosekana ni usemi.

Msikilize, ndugu msomaji, mke wa mchezoni akimwendea mumewe: "Mume wangu Athumani, nimekuja kukuarifu ya kwamba binti yetu Salma, ambaye tulimsomesha kwa taabu nyingi, ameletewa posa." Masalaala! Kwani Athumani hajui kuwa yeye ni mume? Amesahau jina la bintiye? Anayeambiwa hapo si Athumani, ni mtazamaji. Na mtazamaji si mjinga.

Mimi niliyezaliwa na kulelewa Mombasa sijasikia mke akinena hivyo. Mama wa Kibokoni humngoja mumewe arudi msikitini, akamtilia chai, kisha akasema, "Baba Salma, leo walikuya watu." Mume huuliza, "Wa wapi?" Hujibiwa, "Wa Kuze." Kisha hunywa chai yake. Posa imeshafika, na neno posa halikutajwa.

METHALI

Kasoro ya pili ni methali. Waandishi wa michezo hudhani Mswahili hawezi kuomba chumvi bila kuwatanguliza wahenga. Ni kweli sisi ni watu wa mafumbo, lakini fumbo likishaelezwa si fumbo tena. Nyanya humwambia mjukuu mkaidi, "Asiyesikia la mkuu," akanyamaza. Ile nusu iliyobaki ndiyo yenye ukali. Na mke mwenye neno zito na jirani huenda asiseme kabisa: hujifunga leso yenye maandishi, akapita mlangoni pake.

Yuko mtayarishaji mmoja aliyeniletea kurasa za mchezo wake nimsafishie Kiswahili. Zilikuwa zimeandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha zikafasiriwa. Katika ukurasa mmoja wa mistari 16 nilifuta 11. Akashangaa: "Mzee, mbona umepunguza? Na methali ziko wapi? Twataka mchezo unukie pwani." Mistari yote ikarudishwa.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili sanifu ni cha wote. Sipingi. Mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu, Kimvita kikaachwa, na makala haya nayaandika kwa lugha iyo hiyo. Lakini lugha ya kuandikia gazeti si lugha ya kugombania jikoni.

OJWANG

Tumkumbuke marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, ambaye wengi walimjua kama Mzee Ojwang wa "Vitimbi". Hakuwa Mjaluo, na Kiswahili alichokisema mchezoni kingemwangusha katika mtihani wa shule yoyote. Hata hivyo watu walimwamini, kwa kuwa alisema kama mtu wanayemjua. Sarufi ilivunjika, mtu akabaki mzima. Mpwani wa televisheni ni kinyume chake: sarufi nzima, mtu hayupo.

Jambo hili si la kucheka tu. Dada yangu mkubwa ana mjukuu wa miaka 9. Siku moja alimwita, "Ndoo hapa, mwanangu." Mtoto akaangua kicheko: "Nyanya, si ndoo, ni njoo! Ndoo ni ya maji. Hata kwenye televisheni hawasemi hivyo." Dada yangu hakujibu. Tangu siku hiyo husema na mjukuu wake polepole, akichagua maneno kama apitaye penye miiba, naye yumo nyumbani mwake.

Lugha isiposikika popote ila nyumbani, mtoto huiona kuwa ni makosa ya nyumbani.

Basi nawaomba waandishi wa michezo: njooni barazani kabla ya kushika kalamu, si baadaye. Kaeni mnywe kahawa, msikilize mtu anavyodai deni lake bila kulitaja. Waacheni waigizaji wa pwani waseme kama wasemavyo kwao. Na mkifika penye jambo zito, jaribuni kunyamaza. Sisi hunyamaza, na twaelewana.