Sentro Loki kwa Mkonge wa Zamani: Kitasa Kwanza, Umeme Baadaye

Dereva wa Land Cruiser ya zamani anayeshuka na mzigo wa kabichi kutoka Gare, juu milimani Usambara, na kusimama Mombo kujaza mafuta ana kibarua kabla hajaenda kulipa. Afunge mlango wake kwa ufunguo, azunguke kwa abiria kukagua kitufe, kisha aende nyuma. Wengi hufunga mlango wao tu na kuiachia bahati mingine. Kwa hiyo si ajabu wenye magari haya kuuliza kama sentro loki, mfumo wa kufunga milango yote kwa mara moja, inaweza kufungwa kwenye gari lililotoka kiwandani bila hiyo.

Inaweza, tena bila gharama ya kutisha. Mfululizo wa 70 wa Land Cruiser, ambao Watanzania wanauita mkonge au hadtop, ulianza mwaka 1984. HZJ75 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, ikaja mwaka 1990. Mengi ya magari hayo yana vioo vya kuzungusha kwa mkono na vitasa vya ufunguo peke yake. Ukifungua mlango mara nyingi hukuti waya hata mmoja. Maana yake hakuna cha kuharibu, lakini pia hakuna aliyekuachia njia.

Kabla ya kwenda dukani, pima volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zinatumia volti 24, betri mbili zikiwa zimeunganishwa mfululizo, na seti nyingi madukani ni za volti 12. Usikubali fundi achukue umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Seti itafanya kazi, ila betri hiyo itaishiwa chaji wakati mwenzake inajazwa kupita kiasi, na mwisho utanunua zote mbili. Tafuta seti ya volti 24 au kifaa cha kushusha volti.

Seti yenyewe ni mota, boksi la kuziendesha na fungu la nyaya. Nyingine huja na rimoti. Mota yenye nyaya tano hukaa mlango wa dereva: mbili zinaiendesha, tatu zinalijulisha boksi kwamba kitufe kimebonyezwa au ufunguo umezungushwa. Mota za nyaya mbili zinatii tu. Boksi linapeleka umeme kwa muda usiofika hata sekunde moja, mota inasukuma kifimbo chake kiasi cha sentimita mbili. Chanya na hasi zikibadilishana, inavuta. Mkonge wenye milango miwili ya nyuma unahitaji mota tatu tu, kwa kuwa mlango mmoja wa nyuma haufunguki mpaka mwenzake ufunguke.

Sasa tuingie kwenye mlango, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi umeme huanza na umeme. Mimi ningemwambia auache kwanza. Toa ubao wa ndani, tafuta kifimbo chembamba kinachotoka kwenye kitufe kwenda kitasani, kivute kwa vidole viwili. Kikikukatalia, kitaikatalia na mota, kwa sababu mota hizi ni dhaifu. Zimekusudiwa kitasa laini. Gari lililoishi kwenye barabara za udongo za Gare lina vumbi jekundu la kiangazi lililochanganyika na grisi ya miaka mingi, na masika imeongeza kutu juu yake. Osha kitasa kwa mafuta ya taa na brashi, kikauke, kisha tia mafuta mepesi. Ya cherehani yanatosha. Grisi nzito iache. Asubuhi za Juni na Julai baridi ya Usambara huifanya ngumu, na kitasa kilichoteleza vizuri Tanga mjini kinagoma huku juu.

Mota ifungwe ielekee sambamba na kifimbo inachokivuta. Ikikaa mshazari, nguvu yake ndogo inaishia kupinda chuma. Teremsha kioo hadi chini kabisa kabla ya kutoboa tundu lolote, uone kinapita wapi, na skrubu ziwe fupi. Ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao si uchafu wa kiwandani, kwa hiyo irudishwe: mvua hupita kando ya kioo, inashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Matundu hayo yazibuliwe, na maungio ya nyaya yakae juu, mbali na maji.

Kupitisha waya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni ndiyo sehemu ya kazi inayohitaji subira. Toboa tundu moja kwenye nguzo na jingine kwenye mlango, yasilingane urefu, ili waya ujizungushe kidogo mlango unapofunguka badala ya kujikunja mahali palepale kila siku. Paka rangi kingo zilizotobolewa, weka raba, na utumie waya wa gari wenye nyuzi nyingi laini. Waya mgumu wa kufungia nyumba utakatika ndani ya plastiki yake, na utatafuta hitilafu hiyo hadi uchoke.

Boksi likae juu, nyuma ya dashibodi, kwani sakafu ya hadtop huona maji. Fyuzi ikae karibu na betri. Kama kuna rimoti, ulizia inakula umeme kiasi gani gari likiwa limezimwa: miliampea 20 zinaonekana si kitu, lakini kwa mwezi ni karibu ampea-saa 14, na gari lililoegeshwa muda mrefu linaweza kuamka na betri iliyokufa.

Maboksi mengi yana waya wa ziada wa kufunga milango yenyewe mara ufunguo unapowasha gari. Kwa dereva wa Dar es Salaam kwenye foleni una faida. Kwa gari linalopanda kilomita 33 za kona na mabonde kati ya Mombo na Lushoto, mimi ningeuacha bila kuunganishwa. Seti hizi hazijui kwamba gari limepinduka, na waokoaji wanapaswa kukuta mlango unaofunguka kwa nje.

Kabla hujamlipa fundi, mwambie achomoe waya wa betri. Kisha funga na kufungua mlango wa dereva kwa ufunguo, halafu kila mlango kwa kitufe chake kutoka ndani. Kitufe kikiwa kizito kuliko kilivyokuwa kabla ya mota kuwekwa, ubao ufunguliwe tena.