Je, Wajua? Bia Ikiganda Chupani

Je, wajua kwamba bia haigandi pale maji yanapogandia? Maji hugeuka barafu kwenye nyuzi 0. Bia yenye kileo cha asilimia 5 hivi husubiri hadi nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani huwekwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo chupa uliyoisahau humo haina pa kukimbilia.

Wajua kinachoipasua? Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na pale shingoni nafasi ni finyu. Tena barafu haikai na gesi, huisukumia kwenye bia iliyobaki. Ama kizibo kiinuke, ama kioo kisalimu amri. Kopo hufura tumbo kwanza.

Kioja chenyewe kiko baa. Hapa Nakasero, Kampala, mhudumu anatoa bia ya Nile Special frizani, chupa imelowa umande, bia ndani ingali majimaji kama kawaida. Anang'oa kizibo, tsss, na weupe unashuka kutoka shingoni hadi kitakoni huku unatazama. Si uchawi. Bia iliyotulia tuli huweza kushuka chini ya kiwango chake cha kuganda ikabaki maji. Kizibo kikitoka, vipovu vya gesi vinaipa barafu pa kuanzia. Hata kuigonga mezani kunatosha. (Mimi hapo huomba nyingine.)

Tukingoja iyeyuke: wajua kwamba Bell, bia nyingine ya hapa, si kengele? Ni jina la gavana wa kikoloni wa Uganda, Hesketh Bell, lililopewa bandari ya Port Bell, Luzira, na bia ikalirithi.

Na kuhusu povu: Nakasero iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, basi chupa ileile hutoa povu zaidi kidogo hapa kuliko Mombasa.

Bia iliyoganda nusu, ile sehemu ya majimaji ni kali zaidi, maana barafu huacha kileo nje. Wajerumani wa Kulmbach hufanya hivyo makusudi, wanaiita Eisbock.

Una haraka? Beseni la maji, barafu na chumvi hupoza upesi kuliko friji, kwa kuwa maji hunyonya joto haraka kuliko hewa.

Na ikishaganda, isimamishe kwenye friji iyeyuke polepole. Usiimwagie maji ya moto: kioo kinaweza kukupasukia mkononi, na kreti ibaki pungufu.