Tusimuulize Mama Peke Yake

Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, majirani huanza na swali moja: mama yake alikuwa wapi? Swali hilo linaonea. Huenda alikuwa kwenye foleni ya maji, huenda alikuwa hapo hapo akinyonyesha mdogo wake. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, chini sakafuni, usawa wa mkono wa mtoto anayejifunza kutembea.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya Desemba 2008 ilikadiria kuwa ajali huua watoto zaidi ya 2,000 kila siku duniani, na 95 katika kila 100 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vifo vya kuungua, watoto wa nchi hizo hufa kwa kiwango mara 11 ya wenzao wa nchi tajiri.

Je, akina mama wa nchi tajiri ni waangalifu mara 11 kutuzidi? Hata kidogo. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria ya kuweka dawa na sumu za nyumbani kwenye vyombo ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua kwa urahisi, na vifo vya watoto kwa sumu vikapungua. Kilichobadilika ni kifuniko, si wazazi.

Kwetu mafuta ya taa hununuliwa kidogo kidogo, ndani ya chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Tena mafuta hayo hudhuru zaidi mapafu kuliko tumbo, kwa hiyo anayemtapisha mtoto ili kumsaidia huweza kuyapeleka mapafuni. Asitapishwe, akimbizwe kituo cha afya.

Kukimbizwa nako ni shughuli. Aliyeungua vibaya hupita mji mdogo wa Rwekubo akielekea hospitali ya rufaa ya Mbarara, mara nyingi kwa bodaboda. Heri kuzuia ajali yenyewe, na muda wa kufanya hivyo tumeupata: Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Walioletwa wachanga sasa wana wajukuu, na bado majiko hujengwa kana kwamba watu watahama kesho! Mashirika yanayogawa sufuria yangegharamia pia jukwaa la udongo la kuinulia jiko hadi kiunoni.

Wenye maduka wa Rwekubo, kataeni kujaza mafuta kwenye chupa za soda. Nawe mzazi, mtoto akiungua usimpake dawa ya meno wala mafuta. Mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, hata kama ndiyo jerikani ya mwisho nyumbani, ndipo uite bodaboda.