Chembe za Risasi Katika Kitoweo cha Mwindaji

Je, wajua kwamba mnyama aliyeangushwa kwa risasi moja anaweza kubeba mamia ya vipande vya sumu mwilini? Mwaka 2008 huko North Dakota, Marekani, daktari wa ngozi William Cornatzer, naye mwindaji, alipiga picha za mionzi pakiti zipatazo 100 za nyama ya kulungu ya kusaga. Wawindaji walikuwa wameitoa sadaka kwa familia maskini. Zaidi ya nusu ya pakiti zilikuwa na chembe za metali.

Risasi nyingi za kuwindia zina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa gamba la shaba. Madini hayo ni laini. Yakigonga mfupa kwa kasi kubwa, kiini hupasuka na chembe zake, nyingine ndogo kuliko punje ya chumvi, hutawanyika ndani ya mnofu. Watafiti wa Minnesota, Marekani, walizikuta hadi sentimita 45 kutoka kwenye jeraha. Mchunaji huondoa pale palipovilia damu akaona kazi imekwisha. Kumbe mashine ya kusagia inakwenda kuzisambaza zilizobaki. Jino halizihisi. Siki au ndimu ya kulainishia nyama ndiyo kwanza inaziyeyusha.

Mwilini, madini ya risasi hujipenyeza mahali pa kalisi na kukaa mifupani kwa miongo. Mama akishika mimba, yale ya zamani hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Watoto wadogo huyafyonza zaidi kuliko wakubwa, na ubongo wao ndio unaojengeka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Serikali ya Marekani ilipima damu ya watu 738 wa North Dakota: waliokula nyama ya mawindo walikuwa na madini hayo zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, na ni haki kulisema hilo. Lakini familia ya mwindaji huila nyama hiyo msimu baada ya msimu.

Risasi za shaba tupu zipo, na hazisambaratiki hivyo. California imelazimisha matumizi ya risasi zisizo na sumu hiyo katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Denmark ilipiga marufuku marisau ya madini ya risasi mwaka 1996. Wewe unayewinda kwa kibali, badili risasi. Na kama bado hujabadili, kata nyama mbali kabisa na jeraha, na usimpe mtoto wala mjamzito.