Kurasa za wavuti ziwe kitabu, na kitabu kiwe chako

Julai 8, 2025, kampuni ya Mozilla iliifunga Pocket, huduma iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Read It Later na kuwahifadhia watu makala za kusoma baadaye. Mwishoni mwa 2024, Omnivore, huduma nyingine ya aina hiyo, ilikuwa imekwisha kufungwa pia. Watumiaji wa Pocket walipewa muda wa kuchukua vitu vyao, lakini walichopata kwa kawaida kilikuwa orodha ya viungo. Maandishi yenyewe yalibaki kwenye tovuti yalikotoka, na kama mwenye tovuti alishayafuta, yamepotea.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wasome bila bando, au mkulima anayekusanya maelezo ya magonjwa ya mahindi, hahitaji orodha ya viungo. Anahitaji faili linalofunguka hata mtandao ukikatika. Anayechagua programu ya kugeuza kurasa kuwa kitabu pepe aanzie hapo: je, itanipa faili langu mwenyewe?

Faili lenyewe liwe EPUB. Muundo huu ulipitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2007, na leo uko chini ya W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. PDF hushikilia ukubwa wa ukurasa, hivyo kwenye simu unalazimika kuvuta maandishi kushoto na kulia. EPUB hujipanga upya kulingana na kioo na ukubwa wa herufi unaoutaka. Wenye Kindle nao wasiwe na hofu, kwani tangu 2022 huduma ya Send to Kindle inapokea EPUB.

Ndani ya EPUB mna kurasa za HTML, zilezile za wavuti, pamoja na picha na maelezo ya mpangilio, vyote vikiwa vimebanwa katika faili moja. Ndiyo maana kazi kubwa ya programu hizi ni kusafisha na kupanga: kuondoa matangazo na menyu, kuingiza picha ndani ya faili, kupanga sura na kutengeneza yaliyomo. Programu ipimwe kwa kazi hiyo.

Kabla ya kupakua chochote, angalia kama kazi imeshafanywa. Project Gutenberg na Wikisource hutoa vitabu vyao kwa EPUB moja kwa moja. Usipopata, tazama maandishi yako yamekaaje. Hadithi iliyogawanywa katika kurasa nyingi inafaa WebToEpub, programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari cha Chrome au Firefox. Husoma orodha ya sura, ikazikusanya kwa mpangilio wake, na kukupa kitabu kimoja.

Kwa mkusanyiko wa makala kutoka tovuti mbalimbali, nawashauri wengi watumie Calibre. Kovid Goyal aliianzisha mwaka 2006 baada ya kuona kisomaji chake cha Sony hakifanyi kazi na Linux. Ni ya bure, na inatumika kwenye Windows, Mac na Linux. Inageuza HTML kuwa EPUB, inatambua vichwa vya sura, na ina sehemu ya kuhariri kitabu kilichokwisha kutengenezwa. Inahitaji kompyuta, na vitufe vyake vingi humchosha mgeni, lakini anayevumilia hupata karibu kila anachohitaji.

Aliyezoea kuandika amri atapenda Pandoc, kazi ya John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Amri moja huunganisha mafaili mengi ya HTML kuwa kitabu kimoja. Inafaa sana kwa anayetengeneza vitabu mara kwa mara kwa utaratibu uleule.

Kuwa mwangalifu na huduma zinazotuma ukurasa kwenye seva ya mtu mwingine ili ugeuzwe huko. Kwa makala ya wazi hakuna neno. Kwa ukurasa uliofunguliwa kwa nywila, kama masomo ya chuo au nyaraka za kazini, tumia programu inayofanya kila kitu ndani ya kifaa chako.

Ukishapata faili, lijaribu. Zima data, lifungue kwenye simu, uone kama picha zipo, majedwali yanasomeka, na yaliyomo yanakupeleka kwenye sura husika. Hakikisha pia lugha ya kitabu imeandikwa Kiswahili. Programu nyingi za kusoma kwa sauti huchagua matamshi kwa kufuata taarifa hiyo, na asiyeona vizuri anaitegemea.

Hakimiliki nayo iheshimiwe. Kujitengenezea nakala ya kusoma ni jambo moja. Kuisambaza kazi ya mwandishi kwenye makundi ya WhatsApp ni jambo jingine, na COSOTA nchini Tanzania na KECOBO nchini Kenya zipo kwa ajili ya kulinda haki hiyo. Makala za Wikipedia ya Kiswahili unaruhusiwa kuzisambaza, mradi utaje chanzo na uache leseni ileile.

Anza na makala moja unayoipenda. Programu itakayokupa EPUB safi inayofunguka bila idhini ya mtu yeyote ndiyo ya kushika, hata kama sura yake haivutii. Inayokulazimisha urudi kwake kila unapotaka kusoma, iache.